Upande wa Jabali

Hadithi inakuja.
— Ije, tumeiwekea kigoda.
Inakuja na kucha.
— Ije, tumekaa karibu karibu.
Nikiuliza, mtanijibu?
— Uliza, vinywa vyetu vi wazi.

Haya, sogeeni. Wewe uliyekaa mwisho kabisa na mgongo wako gizani, sogea mbele. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili yako. Hadithi hii siipendi. Nilisimuliwa na shangazi yangu, naye kila alipoisimulia alikuwa ameshika kisigino chake kwa mkono mmoja. Tulimcheka. Siku hizi nikiisimulia najikuta nimeshika changu.

Hapo kale, kale ya watu wa kale, huko milimani palikuwa na kijiji kikiitwa Kirindeni. Kijiji kilizungushiwa ua wa miiba, miiba juu ya miiba, hata panya alipita kwa kuomba radhi. Ua ulikuwa na malango mawili: lango la mto na lango la mashamba. Upande mmoja tu haukuwa na ua. Huko palikuwa na jabali. Ardhi ilikatika ghafla, na chini yake bonde, na ndani ya bonde ukungu.

Mbona hawakujenga ua upande ule? Nitawaambia. Walisema babu yao wa kwanza alisimama pale ukingoni akadondosha boga. Boga likaenda, likaenda, likaenda, halikugusa kitu mpaka likapasukia bondeni. Babu akasema, "Mahali ambapo boga halikugusa, mguu utakanyaga wapi?" Watu wakaona ni kweli. Tangu siku ile hakuna aliyechungulia tena. Mtoto akisogelea ukingo alichapwa, mtu mzima akisogelea alichekwa.

Basi kila jioni, jua likielekea kuzama, watu wote wa Kirindeni walikusanyika uwanjani. Mzee Senkondo, mkuu wa malango, alisimama katikati na kuita. Alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya bonde, naye aliipenda sauti yake. Aliita, na watu wakajibu kwa pamoja. Nyinyi leo ni watu wa Kirindeni, mimi ni Senkondo. Jibuni.

Lango la mto?
— Limefungwa.
Lango la mashamba?
— Limefungwa.
Upande wa jabali?
— Haiwezekani.

Mmejibu vizuri mno. Mmejibu bila kufikiri, kama wao. Baada ya jibu hilo kila mtu alikwenda kwake akala, akalala, wala hakukuwa na mlinzi hata mmoja upande ule.

Sasa, nyumba ya mwisho kabisa, ile iliyogeuza mgongo jabalini, ilikuwa ya mjane mmoja, jina lake Nakijwa. Alisuka vikapu. Alikuwa na binti mmoja, Namkunda, msichana mkubwa wa kuolewa, kwa hiyo watu walimwita Nakijwa Mama Namkunda. Hawakuwa na mbuzi, hawakuwa na ng'ombe, hawakuwa na ugomvi na mtu.

Asubuhi moja mbuzi wa Mzee Senkondo hakuonekana. Malango yakatazamwa, yamefungwa vilevile. Nakijwa akaja uwanjani akasema, "Wazee wangu, jana nilisikia kucha kwenye jiwe. Kwaru, kwaru, kwaru."

"Ni upepo, Mama Namkunda," wakamwambia. "Nenda kasuke."

Asubuhi nyingine akatoweka ndama wa Mzee Mgonja. Malango yakatazamwa, yamefungwa vilevile. Nakijwa akaja tena. "Wazee wangu, nimesikia kucha kwenye jiwe. Kwaru, kwaru, kwaru."

"Ni popo," wakamwambia. "Nenda kasuke."

Mara ya tatu hakutoweka mnyama. Mzee Sekiete alikuwa na kabinti kadogo, Nanzia, kenye shanga nyekundu kiunoni. Mchana kutwa kalicheza, jioni kakasinzia kwenye jamvi nje ya jiko, na mama yake alikuwa ndani anasonga ugali. Mama akatoka na mwiko mkononi. Jamvi lilikuwepo. Mtoto hakuwepo.

Siwezi kuwasimulia kilio cha siku ile, na nyinyi hamwezi kunilazimisha.

Kulipokucha wazee wakakaa. Huyu Mgonja niliyemtaja, wa ndama, alisifika Kirindeni nzima kwa kufikiri. Akiulizwa jambo alifumba macho kwanza, na watu walingoja mpaka ayafumbue. Akafumba macho, akayafumbua, akasema, "Tuende taratibu. Lango la mto lilifungwa?"

"Lilifungwa."

"Lango la mashamba lilifungwa?"

"Lilifungwa."

"Upande wa jabali?"

"Haiwezekani."

"Basi aliyekula hakutoka nje," Mgonja akasema. "Yumo humu ndani. Tunaishi naye."

Hebu angalieni namna fikra inavyoweza kunyooka, kila kipande kikashikana na chenzake, na bado ikampeleka mtu shimoni. Watu wakatazamana. Mtu akamtazama jirani aliyekopeshana naye chumvi jana, akajiuliza. Wanawake wakawavuta watoto wao. Baridi iliingia uwanjani pale na jua linawaka.

"Nani alisikia kucha?" Mgonja akauliza.

"Mama Namkunda."

"Sisi sote tuna masikio. Mbona asikie yeye peke yake?"

Nakijwa akasema, "Nyumba yangu iko ukingoni, mzee wangu. Ningekuwa kwako nisingesikia."

"Mbuzi wa Senkondo ameliwa. Ndama wangu ameliwa. Mbona wako hajaliwa?"

"Sina mbuzi, mzee wangu."

"Mnaona," Mgonja akawaambia watu. "Katika sisi wote, yeye hajapoteza kitu."

Na watu wakaona. Wakishaamua kukuona, hata umaskini wako unakuwa ushahidi. Hukumu ikatoka palepale: jua likizama, Nakijwa atatolewa nje kwa lango la mto, na lango litafungwa nyuma yake. Nje kulikuwa na fisi, makundi kwa makundi. Hakuna aliyesema neno kuua. Walisema kutoa.

Namkunda akaanguka miguuni kwa wazee. Akalia, hawakumsikia. Akaomba, hawakumsikia. Akafikiri, akainuka akasema, "Wazee wangu, mnasema jabali halipandiki. Je, nikishuka mpaka chini, nikalipanda, nikatokea juu mbele ya macho yenu, mtamwacha mama?"

Senkondo akacheka. Mgonja akafumba macho, akayafumbua. "Ukitokea juu kabla jua halijazama, mama yako hana kosa. Usipotokea, atatoka. Mimi ni mtu wa haki."

Nakijwa akamshika binti yake mkono. "Usiende, mwanangu. Utakufa wewe, na mimi nitakufa vilevile."

"Mama, naogopa," Namkunda akasema. "Lakini nikikaa hapa nikitazama jua linashuka, nitaogopa zaidi."

Akajifunga kanga kiunoni, akatoka lango la mto. Akateremka, akazunguka mlima, akapita vichaka, akapita mawe, akapita matope. Jua lilikuwa limeshapita utosini alipofika chini ya jabali. Akainua macho.

Hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakuna mtu wa Kirindeni aliyewahi kukiona, kwa sababu hata babu yao alitazama kutoka juu tu. Jabali kule juu lilitokeza mbele, kama upenu wa nyumba. Boga la babu yao lilidondoka kutoka ncha ya upenu, ndiyo maana halikugusa kitu. Ukuta wenyewe ulikuwa nyuma. Na ukuta ulikuwa umejaa nyufa na vidato vya mawe, kimoja juu ya kingine, mpaka juu.

Namkunda akafurahi. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, na furaha ikamtoka. Jiwe lilikuwa laini. Lilikuwa limesuguliwa mpaka likang'aa, kama jiwe la kusagia la bibi wa bibi. Akagusa kidato cha pili, kimeng'aa. Cha tatu, kimeng'aa. Njia ile ilikuwa na mwenyewe, naye aliitumia sana.

Akapanda tu. Angefanyaje? Akashika, akavuta, akapanda. Akashika, akavuta, akapanda. Vidole vikachubuka, akamwita mama yake kimoyomoyo. Katikati ya ukuta akakuta pango. Harufu ilimfikia kabla ya macho. Ndani palikuwa na pembe za mbuzi, na kwato za ndama, na pale mbele, juu ya jiwe, shanga nyekundu za kiunoni, ndogo, za kumtosha mtoto. Akaziokota akazivaa mkononi. Kisha akageuka kuendelea kupanda.

Mkono ukamshika kisigino.

Ulikuwa baridi, mrefu, na vidole vyake vilizunguka mguu vikarudi tena. Lile alilolidhania jiwe kubwa pembeni mwa pango halikuwa jiwe. Lilikuwa zimwi, limelala kivulini, na sasa lilikuwa limefumbua macho. Halikunguruma. Lilisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeamshwa.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwetu."

"Kwa njia ya nani?"

"Kwa njia ya jabali."

"Njia hii ni yangu," zimwi likasema. "Nimepewa."

"Nani aliyekupa?"

"Hao wa juu. Kila jioni nakaa hapa nasikiliza. Wananiambia lango la mto limefungwa, basi siendi. Wananiambia lango la mashamba limefungwa, basi siendi. Halafu wananiambia upande wasioutazama. Sijapata kuona majirani wema kama wale."

Namkunda akalia bila sauti. Akaelewa kwamba kila jioni, tangu akiwa mtoto mgongoni, na yeye alikuwa amejibu pamoja na wengine. Akasema, "Kama ni kunila, nile. Mbona unanichelewesha?"

Zimwi likafikiri, na kidole chake kimoja kikawa kinamgonga gonga kwenye kifundo cha mguu. "Nikikula, watasema uliteleza, wataketi kimya na huzuni. Watu waliokaa kimya wanasikia. Nikikuacha, utafika juu ukisema kwamba ninakuja, nao watakubishia. Watabishana na wewe kwa moyo wote. Watu wakibishana, hakuna anayetazama ukingo." Likamwachia kisigino, kidole kimoja kimoja. "Panda, mwanangu. Waambie ukweli wote."

Hapo shangazi yangu alikuwa ananyamaza mpaka mtu mmoja wetu aombe taa iongezwe. Nami ninyamaze kidogo.

Namkunda akapanda, na nyuma yake hakusikia kitu. Ingekuwa afadhali asikie. Njiani akajiambia, "Sitabishana. Nikifika nitasema neno moja tu: leteni michi na moto." Akalirudia neno hilo katika kila kidato. Michi na moto. Michi na moto. Michi na moto. Chini ya upenu akakuta ufa, upana wa kupitisha ndama, umefunikwa juu na nyasi. Akajiingiza, akajisukuma kwa mgongo na magoti, akatoa kichwa katikati ya nyasi nyuma ya nyumba yao wenyewe.

Jua lilikuwa bado. Lilikuwa limekaa juu ya mlima wa pili, jekundu, lakini lilikuwa bado. Uwanjani watu walikuwa wamekusanyika, na Senkondo alikuwa anaita. Mnakumbuka kazi yenu.

Lango la mto?
— Limefungwa.
Lango la mashamba?
— Limefungwa.
Upande wa jabali?
— Haiwezekani.

Na neno hilo likiwa bado hewani, Namkunda akatokea mbele yao, vidole damu, kanga imechanika, nywele zimejaa vumbi la mawe. Akatazama huku, akatazama huku. "Mama yuko wapi?"

Watu wakatazama lango la mto.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Ametoka," Senkondo akasema.

"Jua halijazama."

"Tulijua hutatokea," Senkondo akasema, wala hakuona haya. "Kungoja jambo lisilowezekana ni kupoteza jioni bure. Tukamtoa, tukafunga, tukaendelea na mambo mengine."

Namkunda akasahau neno lake. Nani asingesahau? Mtoto wa mtu amepanda jabali na kifo kimemshika mguu, anafika anaambiwa mama yake yuko nje na fisi kwa sababu watu waliona uvivu wa kungoja. Akapiga kelele. Akawaambia njia ipo. Akawaambia vidato vinang'aa, zimwi lipo, limemshika mguu, linapanda nyuma yake sasa hivi. Akawaambia ukweli wote, kama alivyoagizwa.

Nao wakabishana naye kwa moyo wote.

Senkondo akasema, "Huyu hakupanda. Alijificha vichakani, mbuzi wakirudi akaingia nao."

Watu wakasema, "Kweli."

Mgonja akafumba macho, akayafumbua. "Na kama alipanda, hakupanda kwa miguu yake. Mama yake amembeba kwa uchawi. Basi mama ndiye."

Watu wakasema, "Kweli."

Bibi mmoja akasema, "Na kama huyu si Namkunda? Pengine Namkunda amekufa huko chini, na hiki ni kivuli chake."

Watu wakasema, "Kweli," ingawa maneno hayo matatu hayangeweza kukaa nyumba moja.

Namkunda akanyoosha mkono. "Hizi ni shanga za Nanzia. Nimezikuta pangoni."

"Mnaona," Mgonja akasema. "Kumbe walikuwa nazo wao muda wote."

Lakini Sekiete, baba yake Nanzia, alisogea akazichukua zile shanga. Akazigeuza. Akazinusa. Zilikuwa na ubaridi wa jiwe na harufu ya mahali ambapo jua haliingii. Aligeuka akaenda jikoni kwake, mbio.

Mwanamke mmoja akasema, "Nyasi zinatikisika nyuma ya nyumba ile."

"Ni upepo," wakamwambia. "Nyamaza, tunazungumza."

Nyinyi mnaonisikiliza, msitazame nyuma. Nimesema msitazame.

Senkondo alikuwa amechoka na kelele. "Nipisheni niwaonyeshe," akasema. Akaenda mpaka zilipo nyasi, mpaka ukingoni kabisa, akageuka akawatazama watu, mgongo kwa bonde. Akajaza kifua, akaita kwa sauti yake yote. "Nimesimama hapa. Hapa hapapandi kitu. Haiweze..."

Hakumaliza. Mikono miwili ilitoka kwenye nyasi, mmoja huku na mmoja huku wa miguu yake, ikamvuta chini taratibu kama mtu anavyoshusha ndoo kisimani. Sekiete alifika na mchi, akaushusha kwa nguvu zote juu ya vidole vile, na kitu fulani kikavunjika na kikalia. Lakini Senkondo alikuwa ameshakwenda. Watu wakasikia sauti yake. Haikuanguka. Ilishuka. Ilishuka kidato kwa kidato, ikapungua, ikapungua, mpaka ukungu ukaifunika.

Sasa ndipo waliposhtuka. Wakaleta michi, wakaleta moto, wakapanga vijinga ukingoni kote. Hakuna aliyekaa. Namkunda yeye alikimbilia lango la mto. "Fungueni, nimrudishe mama."

"Jua limezama," wakamwambia. "Lango halijawahi kufunguliwa jua likizama. Haiwezekani."

Ndiyo, walilisema tena, hata vidole vya zimwi wamevitia machoni. Namkunda akaanza kung'oa miiba kwa mikono, wakamshika. Akawauma, wakamshika. Akaita kupitia miiba, "Mama. Mama. Mama." Hakujibiwa. Kilichojibu ni fisi, na walikuwa karibu sana.

Kukapambazuka. Lango likafunguliwa, na watu wakajikaza kuona watakachokiona.

Nakijwa alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea ua, hai. Nguo yake ilikuwa vipande vipande, na mwili mzima, uso, mikono, miguu, ulikuwa michubuko na damu iliyokauka. Usiku ule alijiingiza ndani ya ua wenyewe, katikati ya miiba, akajivutia miiba mingine juu yake, akalala humo kimya. Fisi walikuja wakaingiza pua, miiba ikawachoma, wakazunguka mpaka alfajiri.

"Nilikusikia, mwanangu," akamwambia Namkunda. "Lakini mmoja alikuwa hapa, pumzi yake shingoni kwangu. Ningekujibu wewe, angenijibu yeye."

Wakakumbatiana. Sekiete akapiga magoti, akampa Nakijwa kibuyu cha maji kwa mikono miwili. "Nisamehe, dada yangu. Ulituambia." Wanawake wakalia. Mmoja akavua kanga yake akamfunika. Watu wakaanza kusema tusamehe, tusamehe, na mioyo ikaanza kulegea. Mgonja alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa amefumba macho.

Akayafumbua.

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Mimi nauliza tu. Usiku kucha nje. Fisi wote wale. Mwanamke mmoja, hana mkuki, hana moto, hana hata fimbo. Halafu asubuhi tunamkuta hai. Tuende taratibu, ndugu zangu. Hilo linawezekana?"

Michubuko ilikuwa pale mbele yao. Miiba ilikuwa bado kwenye nywele zake. Hakuna aliyeitazama. Walikuwa wanamtazama Mgonja. Na yule mwanamke aliyempa kanga akarudi hatua moja nyuma, akiitazama kanga yake.

Nakijwa aliiona hatua ile. Akanywa maji yake mpaka akayamaliza, akamrudishia Sekiete kibuyu, akainuka kwa kushika bega la binti yake.

"Namkunda," akasema, "tuondoke kabla hawajamaliza kufikiri."

Wakaondoka. Wakashika njia ya mto hawakugeuka nyuma, na Sekiete na mkewe wakawafuata, mchi begani.

Basi. Ninyi wenye kupenda mafunzo, shikeni lenu. Yapo mambo yasiyowezekana, sikatai. Jana hairudi, na mtu hawezi kumzaa mama yake. Lakini mambo ya namna hiyo hayahitaji kupigiwa kelele kila jioni. Mkiona watu wanalisema neno lile kwa pamoja, kila siku, kwa sauti kubwa, jueni kuna upande hawajakwenda kuutazama, na wakija kuumia watamtafuta wa kumtoa nje.

Mnataka kuuliza kama zimwi lilikufa. Shangazi hakuniambia, na mimi sikumuuliza, maana alikuwa anaelekea kulala na mimi nilikuwa nalala upande wa dirisha. Nyumba hii tuliyokaa, nyuma yake kuna ukuta tu. Ukuta mzuri, mnene. Nani kati yenu amewahi kuuzunguka akautazama kwa nje? Hakuna? Basi atakayekuwa wa mwisho kwenda kulala atusaidie.

Hadithi nimeiweka chini.
— Tumeiona ilipo.
Mwenye ujasiri aiokote.
— Na mwoga?
Aivuke bila kuikanyaga.